Pua Iliyogoma

Kila asubuhi kabla ya shule, mama alifungua madumu ya maziwa yaliyoletwa na wafugaji, na binti yake akainamia moja moja. "Mazuri. Mazuri. Haya yamechacha, mama, yarudishe." Hakuwahi kukosea, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kipua. Mazuri yalimiminwa katika pipa moja la kuuzia, na dumu moja bovu lilitosha kuharibu pipa zima.

Kisha Kipua akaugua mafua makali. Homa ikaondoka, kikohozi kikaondoka, harufu isirudi. Sabuni, moshi, hata choo cha shule: kimya! Aliona haya, akanyamaza. Wiki nzima aliinamia madumu na kubahatisha. "Mazuri."

Bahati nayo ina mwisho. Siku moja wateja walifurika mlangoni, mitungi mikononi.

"Umetuuzia nini hiki?" alifoka fundi cherehani. "Mtoto wangu anatapika!"

Mama alimwaga pipa zima mferejini, akamgeukia Kipua. "Pua yako ilikuwa wapi?"

"Imestaafu," kaka yake Kipua akacheka.

Kipua akabamiza kifuniko sakafuni. "Haifanyi kazi! Tangu mafua! Mnanisukuma ninuse, ninuse, nani aliniuliza hali yangu?"

"Na mdomo je? Nao uliugua?" mama akauliza.

Walifika zahanati wamenuniana. Daktari alimpima Kipua, akamgeukia mama. "Huyu si mzembe. Virusi vimedhuru sehemu ya ndani ya pua inayopeleka habari za harufu kwenye ubongo. Anuse karafuu na limau asubuhi na jioni, huku akikumbuka harufu zake. Ubongo hufundishika. Huenda harufu ikarudi, huenda isirudi yote."

"Huenda ndiyo dawa gani?" Kipua alifoka.

"Kasirika, una haki. Lakini kasirika huku ukinusa."

Kesho yake, karafuu zikiwa bado bubu, Kipua aliteka upawa mmoja wa kila dumu na kuuchemsha katika kisufuria. Maziwa ya dumu la tatu yakakatika kwa uchachu, mabonge huku, maji kule.

"Haya yarudishwe," alisema, bado amekunja uso.

Mama akalisukuma dumu pembeni. "Mficha maradhi, kilio kitamfichua, mwanangu. Pipa zima limekwenda, na mtoto wa watu ameumwa. Na mimi nilikuwa naitazama pua, sikukutazama wewe. Siku nyingine likikupata jambo, kasirika mapema. Lakini sema."