Sauti Iliyovunjwa Mhezi

Simu ilitetemeka mfukoni mwa Irine akiwa stendi ya Same, mkononi ana mshikaki ambao hakuumaliza.

Ujumbe wa sauti. Wilson, mkuu wake wa kazi katika idara ya usalama ya serikali, hakuwa mtu wa salamu.

"Shangazi, wageni wa harusi wamepita Mwanga. Prado nyeupe, wawili. Waache wale washibe."

Maana yake ilikuwa: adui yuko njiani kwenda Mhezi, usimguse mpaka atende alichokuja kutenda. Irine aliufuta ujumbe, akamtupia mbwa wa stendi mshikaki, akapiga kiki Honda yake.

Ilikuwa Jumapili, na kengele za makanisa zilikuwa zikigongwa.

Alifuata lami mpaka Makanya, akapita kwenye vumbi jeupe la machimbo ya jasi, akakata kushoto na kuanza kupanda mlima. Kiunoni alikuwa na Glock 19. Sikioni alikuwa na kidude kidogo cha kuzungumzia na Wilson. Mfuko wa koti ulikuwa na flashi moja isiyozidi kidole gumba, na hiyo ndiyo iliyokuwa nzito kuliko bastola.

Vita yenyewe ilikuwa ya mahakamani. Torvik, kampuni ya ng'ambo, ilikuwa na hataza, hati ya kumiliki ubunifu, iliyodai kwamba kurekodi sauti na kuituma kwa mtandao kama barua ni ubunifu wake, tangu mwaka 2004. Mahakama Kuu ilikubali. Kwa hukumu hiyo mfumo wa zahanati za milimani ungezimwa, ule ambao mkunga akikwama na mzazi hutuma sauti, na daktari aliye Same humjibu kwa sauti afanye nini. Ilibaki rufaa tu. Majaji wa rufani wakakubali kupokea ushahidi mpya, na ushahidi huo ulikuwa chumbani kwa mama mmoja wa Mhezi.

Mama huyo aliitwa Hedwiga.

Mwanawe, Loth, alikuwa na kibanda cha intaneti mjini Same mwaka 2001. Alitengeneza programu ya kutuma sauti, kina mama wa milimani wakawa wanashuka siku ya gulio kuwatumia watoto wao walioko Dar maneno kwa midomo yao wenyewe. Baadaye lori likamgonga barabara kuu. Kompyuta yake ikarudishwa nyumbani, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na kila Jumapili baada ya misa mama aliiwasha kwa umeme wa jua na kusikiliza sauti ileile moja.

"Shikamoo mama. Ni mimi Loth. Nakuja Jumamosi."

Jumamosi hiyo hakuja. Alikuwa ameshazikwa.

Mama alikuwa akiitikia marahaba kila mara, kwa sauti, na majirani walishazoea.

Irine aliyajua haya kwa sababu Alhamisi alikwenda pale akijiita fundi kompyuta kutoka mjini, aliyetumwa na parokia. Alipiga magoti kidogo, akasema, "Shikamoo mama." Akaitikiwa, "Marahaba mwanangu, karibu." Akaandaliwa makande yaliyopikwa vizuri mpaka akaona aibu. Mama alipokwenda kuteka maji, Irine aliinakili mashine yote kwenye flashi na kubandika chini ya meza kinasa sauti cha kumrushia sikioni.

Mama asijue kuna nakala. Hilo lilikuwa agizo la Wilson, naye alilieleza kwa utulivu wa mtu anayeagiza chai. Nakala peke yake Torvik wangeiita ya kughushi. Lakini mtu havunji kitu ambacho hakipo. Basi waachwe waje wavunje, na mama alie kilio cha kweli, maana anayejua kuna nyingine imehifadhiwa hawezi kulia sawasawa.

Irine aliona ni mpango mzuri. Hata mimi ninayesimulia naona ulikuwa mzuri, na ndiyo maana unanichefua.

Alificha pikipiki ndani ya pango la mawe, akajibanza kwenye migomba ya mama Hedwiga. Akaweka kamera ya Sony tayari. Prado ikafika.

Alishuka Kessler, mwanausalama wa Torvik, mtu mrefu asiyetabasamu. Kisha akashuka Fredrick.

Huyu Fredrick alikuwa mwenzake Loth katika kile kibanda cha Same. Alilala nyumba hii miaka ya shule na kula katika sahani moja na Loth. Mwaka huu alikula kiapo mahakamani, kwa faida ya Torvik, kwamba programu ya Loth haikuwahi kuwapo duniani.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba Fredrick. Umenenepa."

Irine alisikia yote sikioni. Fredrick aliulizia kompyuta kwa upole, akasema anataka kuipeleka makumbusho. Mama akasema ile ni ya Loth.

"Mama, Loth alikufa."

"Ndiyo maana siitoi."

Kessler hakusubiri tafsiri. Alichukua jembe lililoegemea ukuta. Mama akajitupa juu ya mashine, akaikumbatia pamoja na kitambaa chake. Fredrick akamvuta mkono, akauvuta tena kwa nguvu zote, na kitu kikalia kama kuni kavu.

"Wilson, wamemvunja mkono," Irine alinong'ona. "Naingia."

"Bado hajawapigia mabosi wake, na simu yake tunainasa. Subiri."

"Ni mama mtu mzima."

"Subiri, Irine."

Alisubiri.

Tuliseme hivyohivyo lilivyo. Alikuwa na bastola yenye risasi, hatua chache kutoka mlangoni, na alisubiri.

Jembe lilishuka mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mama hakulilia mkono. Alimwita Loth kwa jina, akamwita tena, kama mtu anayemwita mtoto aliye shambani na mvua inakuja. Fredrick alitoka nje haraka, uso umemvimba, akawasha sigara, akashindwa kuivuta. Ndipo alipopiga simu.

"Imekwisha," alisema. "Ile mashine ya 2001 tumeivunjavunja. Hata wakileta nakala, tutasema ya kughushi. Rufaa ni yetu."

"Simu yake nimeinasa yote," Wilson alisema sikioni. "Safi sana. Sasa wazuie wasifike lami."

Prado iliondoka kwa mbio. Barabara ya kushuka kutoka pale huzunguka kilima kizima kabla ya kurudi chini ya mahali ilipoanzia. Njia ya mguu hukata moja kwa moja, na juu ya kona kali kabisa kuna ndiva, bwawa la udongo la kumwagilia mashamba.

Irine alizaliwa Shighatini, milima hiihii, upande wa kaskazini. Ndiva alizijua tangu anabebwa mgongoni. Alijua kwamba siku za kazi hufunguliwa asubuhi na maji huenda mashambani kwa zamu. Jumapili hakuna anayefungua.

Jumapili ndiva imejaa mpaka mdomoni.

Fredrick naye aliwahi kulijua hilo, ila mjini alikuwa amejifunza mengine akalisahau.

Irine alikimbia. Alifika juu ya kona akisikia injini inakuja. Alishika gogo la kizibo kwa mikono miwili, akalitikisa, akaling'oa. Maji yalitoka yakinguruma ndani ya mfereji. Akaruka chini, akabomoa kingo za mfereji kwa mateke, na mto mzima ukaangukia barabara ya udongo mwekundu.

Prado ilikuja kwa mwendo. Dereva alikuwa Kessler, na Kessler hakuwahi kuendesha juu ya udongo wa Upare uliolowa. Gari lilikwenda upande, likagusa ukingo, likaondoka barabarani. Lilibingirika kwenye miti ya mikaratusi na kunyamaza.

Irine aliteremka polepole. Kessler alikuwa amekufa. Fredrick alikuwa hai, mguu umebanwa chini ya dashibodi iliyokunjamana, na maji ya ndiva yalikuwa bado yanateremka yakimlowesha shati.

"Dada, nitoe," alisema. "Nakuomba."

Irine alichuchumaa, akaokota simu ya Fredrick ya Samsung kwenye kiti, akaitia mfukoni.

"Polisi wanatoka Makanya," alisema. "Lakini barabara imeharibika. Watachelewa."

"Mguu unakufa."

"Mwite mama Hedwiga. Alikuwa akikuitikia."

Alimwacha pale akilia. Baadaye hospitali walimkata huo mguu.

Wilson aliagiza aondoke bila kurudi nyumbani kwa mama, akaondoka. Jirani aitwaye Prisca ndiye aliyemfunga mama mkono kwa kanga na kumpeleka zahanati, na mkunga wa zahanati, kwa kuwa hakuwa na daktari, alituma ujumbe wa sauti Same kuuliza afanye nini na mfupa wa mtu mzima. Akajibiwa. Jumatatu maharage ya watu wa bondeni yalikosa maji, na hakuna aliyejua nani alifungua ndiva.

Mahakama ya Rufani ilikaa Moshi. Wakili wa Torvik alisimama na kusema nakala ile ni ya kughushi, hakuna mashine iliyowahi kuwapo. Wakili wa serikali akachezesha sauti ya Fredrick. Wakili wa Torvik akaketi bila kuambiwa. Majaji waliandika kwamba jambo lililokuwa likifanywa Same mwaka 2001 haliwezi kubuniwa upya ng'ambo mwaka 2004. Hataza ikabatilishwa. Wilson alimtumia Irine ujumbe wa neno moja, "Hongera," na kwake hilo lilikuwa neno refu.

Irine alipanda Mhezi peke yake, bila ruhusa ya mtu. Alikuwa amenunua simu ya Tecno na kuitia sauti ile.

Mama Hedwiga alikuwa mlangoni akipukuchua maharage kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa kwenye plasta. Ndani, juu ya meza, kitambaa cha kufuma kilikuwa kimetandikwa bila kitu chini yake.

"Shikamoo mama."

Mama aliendelea na maharage.

Irine alieleza. Alieleza kesi, zahanati, Fredrick yuko wapi. Alieleza vizuri, kama alivyofunzwa, mpaka maneno yakamwishia. Mama akainua macho.

"Siku ile ulikuwa wapi?"

"Kwenye migomba yako, mama."

"Ukasikia?"

"Nikasikia."

"Na sauti ya mwanangu ulikuwa nayo?"

"Mfukoni."

Mama akanyoosha mkono mzima na kuchukua simu mkononi mwa Irine.

"Nabonyeza wapi?"

Irine alimwonyesha.

"Shikamoo mama," ilisema simu. "Ni mimi Loth. Nakuja Jumamosi."

"Marahaba, mwanangu."

Alibonyeza tena, akaitikia tena.

Irine alisimama kidogo, akingoja labda na shikamoo yake ingeitikiwa. Haikuitikiwa. Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akapiga kiki Honda, akashuka Makanya bila kugeuka nyuma.