Laki Tano na Thelathini

"Laki tano na thelathini kwa mwezi, mwanangu. Ukikubali, Jumatatu unaanza."

Mpole alishtuka. Si kwamba mshahara ulikuwa mdogo sana. Ni ile thelathini. Nani hupanga mshahara wa kuanzia wenye mkia namna hiyo?

Mwenye duka, mama wa makamo aliyeuza vyombo vya nyumbani miaka ishirini, alimtazama juu ya miwani. Kazi ilikuwa kusimamia tovuti ya duka: kupandisha picha na bei, kujibu wateja, kuondoa bidhaa iliyokwisha kabla mtu hajailipia. Mpole aliifanya kazi hiyo miaka mitatu kwenye duka la viatu, mpaka likafungwa. Leo alikuja na laki saba mdomoni, hajapewa hata nafasi ya kuitaja.

"Mama, naomba nifikirie hadi jioni."

"Fikiria. Ila wanaoitaka ni wengi."

Laki tano na thelathini aliijua mtu mmoja tu zaidi yake. Kodi, dawa za mama yake, nauli, chakula: alivijumlisha Jumapili baada ya ibada, akamnong'oneza mchumba wake, "Chini ya hapo siwezi kuishi." Na mchumba huyo ndiye mtunza ghala wa duka hilihili. Wote walimwita Stoo.

Alipotoka nje simu ikatetemeka. Ujumbe wa Stoo: "Vipi mpenzi, umepata?"

Akajibu: "Njoo mlango wa nyuma."

Stoo alitoka na kalamu sikioni, vumbi la maboksi kwenye nyusi.

"Umemwambia," Mpole alisema.

"Nani? Nini?"

"Usinizungushe. Miezi mitano nazunguka maofisini, viatu vimelika upande mmoja. Sina nguvu ya kuzungushwa na wewe tena."

Stoo akaketi juu ya boksi la sufuria.

"Bosi aliniuliza utakubali ngapi. Nikaogopa ukitaja laki saba atakufukuza. Miaka minne tunangoja harusi, Mpole. Nilitaka uipate tu."

"Kwa hiyo ukaniuza kwa kunihurumia."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Hata dalali humuuliza kwanza mwenye mali!"

Macho ya Stoo yakakimbilia sakafuni. Mpole alimjua mtu wake; mwenye sababu moja hainamishi kichwa hivyo.

"Kuna jingine. Wewe unalipwa ngapi?"

"Mshahara wangu umeingiaje hapa?"

"Ngapi, Stoo?"

"Nne na nusu."

"Miaka minane?"

"Minane. Sijawahi kuomba nyongeza, naona aibu. Nikafikiria wewe siku ya kwanza tu upewe laki saba. Nitaonekana nani ndani ya nyumba yangu?"

Mpole alitaka kulia, machozi hayakuja. Nayo yalikuwa yamechoka. Alitoa simu, akampigia mwenye duka, akaweka sauti ya nje ili Stoo asikie.

"Mama, ile bei uliyotaja uliipata kwa mtu. Yangu mimi sijaitaja. Ni laki saba."

Upande wa pili kikasikika kicheko.

"Kumbe mpole ni jina tu! Laki sita."

"Mama, mteja akilipia sufuria isiyokuwepo, atakayetukanwa ni mimi. Sita na nusu."

"Sita na ishirini. Tutazungumza tena baada ya miezi sita."

"Iandike kwenye mkataba, nitasaini."

Alikata simu. Stoo alikuwa amesimama.

"Nisamehe, mama watoto."

"Watoto gani? Kusamehe nimekusamehe, Mungu ananiona. Ila harusi usinitajie leo."

"Lini, basi?"

"Siku nitakayokupa siri ikalala kwako mpaka asubuhi."

Stoo alijipangusa vumbi usoni kwa mkono wa shati, akaelekea ngazi za ofisini.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwambia sikuwa na haki ya kumpa hesabu yako. Nikimaliza, niombe nyongeza yangu."

"Leo? Utaomba ngapi?"

Akafungua mdomo, akaufumba.

"Nitakwambia nikishuka."

Mpole akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kicheko kidogo cha mtu aliyechoka. Akavuta lile boksi la sufuria, akaketi kumngoja.