Jina Lililokataa Chokaa

Jina lilikuwa limerudi.

Inspekta Apolinari Kalonga alisimama kando ya barabara kuu ya Mpanda, mikono nyuma, akalitazama kama mtu atazamavyo maiti isiyo na jeraha. TELESFORI. Herufi nene, nyekundu kama vumbi la mji ule, zilikuwa zimejipanga juu ya ukuta mweupe wa duka la Bwana Lukmani. Jana ukuta huo ulikuwa umepakwa chokaa mbele ya macho yake mwenyewe, ukawa mweupe pe. Na hii haikuwa mara ya kwanza.

"Koplo Hamis."

"Naam, afande."

"Nani alilinda hapa?"

"Mimi, afande, pamoja na mlinzi wa duka. Tulikaa pale ng'ambo mpaka migongo ikatuuma."

"Mkasinzia."

"Hata kope hatukufumba. Hakupita mtu. Hata mbwa hakupita."

Watu walikwisha kukusanyika. Muuza kahawa mmoja alisema, bila kumlenga mtu, kwamba mwandishi wa namna hiyo hana miguu. Wenzake walicheka, lakini walisogea nyuma kidogo.

Bwana Lukmani alitoka dukani akiwa na kofia mkononi. Alikuwa mtu mnene, mwenye adabu, na wiki hiyo alikuwa amepungua.

"Bwana Inspekta, niambie nifanye nini tena. Amri ya mji inasema kila nyumba ya biashara inayotazama barabara iwe safi kabla ya mgeni wa serikali kufika. Ukuta wenye maandishi, leseni inaondoka. Watoto walikuwa wakichora kwa makaa, nikaweka mlinzi. Nikaweka miiba. Sehemu ya chini nikaipaka rangi nyeusi na kuikinga vizuri. Sasa huyu anaandika juu. Huyu ni nani?"

"Unamjua Telesfori yeyote?"

"Wallahi simjui."

Inspekta alikuna ukuta kwa ukucha, akapata vumbi. Alama za vidole hazikuwapo. Nyayo hazikuwapo. Mshitakiwa, hata hivyo, alikuwapo, na hapo ndipo kichwa kilipomuuma.

Mshitakiwa alikuwa Gelasius, mchora mabango. Mkuu wa Polisi wa Wilaya alikuwa ameamuru akamatwe tangu jina lilipotokea mara ya kwanza, kwa sababu mjini hapakuwa na mwingine aliyezoea kuandika herufi kubwa, na kwa sababu ndiye aliyepaka ukuta ule chokaa. Sasa jina lilikuwa limerudi yeye akiwa nyuma ya kufuli. Mtu mwenye akili angesema aachiwe. Mkuu wa Polisi alisema, "Basi ana mwenzake. Amtaje, au Jumatatu aende kwa hakimu peke yake."

Inspekta alimkuta Gelasius ameketi sakafuni mwa mahabusu, akinywa uji.

"Mwenzako ni nani?"

"Katika jambo gani, afande?"

"Katika kuandika."

"Mimi huandika kwa ujira. Nani wa kunilipa niandike Telesfori?"

"Labda ni jamaa yako."

"Angekuwa jamaa yangu ningemwandika vizuri. Ile S imelala kama mlevi. Afande, kunifunga mnifunge, lakini msiseme S ile ni yangu."

"Siku uliyopaka ukuta, uliona nini?"

"Niliona ukuta. Ila brashi iliteleza mahali fulani, kana kwamba ukuta unatoka jasho. Nikazidisha chokaa, nikapita."

Inspekta hakulitilia maanani neno hilo. Alikuwa akilitazama bakuli.

"Uji umeletewa na nani?"

"Mama Marsela, yule muuza asali wa sokoni. Huja kila asubuhi."

"Ni nani wako?"

"Si yeyote. Mimi ni mtu wa Kasansa, hapa mjini sina hata shangazi. Nilidhani ni huruma za kanisani."

Mchana ule Inspekta aliletewa Telesfori. Koplo Hamis alikuwa ameulizia kote, akampata mmoja huko Litapunga, fundi wa baiskeli, aliyefika kituoni mikono ikiwa bado na grisi.

"Unaitwa Telesfori?"

"Ndilo nililobatiziwa."

"Kwa nini unaandika jina lako kwenye kuta za watu?"

Fundi alimgeukia Koplo, kisha akamrudia Inspekta. "Afande, mwizi akienda kuiba mbuzi, huacha kitambulisho chake zizini?"

"Jibu swali."

"Siandiki. Sijui kuandika. Hapo mnaponiambia nitie sahihi nitaweka dole gumba."

Wakamruhusu arudi Litapunga. Inspekta alibaki ameketi, kichwa kati ya viganja. Alikuwa na jina lisilo na mwenyewe, maandishi yasiyo na mwandishi, na mtu asiye na hatia anayekwenda kwa hakimu kwa sababu ya vyote viwili. Katika kazi yake alizoea kesi inayokataa kufunguka. Hii ilikuwa wazi kama kiganja, ila haikueleweka.

Kesho yake aliamuru ukuta upakwe tena. Safari hii alichukua kiti, akakaa mwenyewe mbele ya duka, mchana kweupe, hatua chache tu kutoka ukutani. Hakuruhusu mtu kusogea.

Jua lilipanda. Chokaa ilianza kukauka. Bwana Lukmani alimletea chai, nayo ikapoa. Hapo ndipo Inspekta alipoona nyuki.

Alikuwa mmoja kwanza. Alitua juu ya weupe mtupu, akatembea kidogo kwenda chini, akakata kona, akaruka. Akaja wa pili. Ukuta wote ule, mrefu kama ulivyokuwa, nyuki hawakuutaka; walitaka ukanda uleule lilipokuwa jina. Inspekta aliinuka polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Lori la tumbaku lilipita likiacha wingu jekundu. Vumbi lilipotulia, kipande cha chokaa, chembamba kama ganda la kitunguu, kilibanduka mbele ya pua yake kikaanguka. Halafu kingine. Halafu mstari mzima. Palipobanduka, vumbi lilikuwa limenasa. T ilianza kujitokeza, na hapakuwa na mkono wowote uliokuwa ukiiandika.

Muuza kahawa aliacha birika lake, akaondoka.

Inspekta alitoa kisu cha mfukoni, akakwangua kile kilichokuwa chini ya vumbi. Kilijikunja kwenye makali kama siagi ngumu. Akakinusa. Kilinukia asali.

"Bwana Lukmani, huku chini uliposema umepakinga vizuri, umepakinga kwa kitu gani?"

"Kwa nta, Bwana Inspekta. Nilipaka rangi nyeusi, juu yake nta. Mtoto akichora kwa makaa, napitisha kitambaa, yanatoka. Mvua nayo inateleza."

"Wazo la nani?"

"La yule mama muuza asali. Yeye ndiye aliyeleta nta na kuipaka kwa mkono wake, siku ileile Gelasius alipokuwa akikoroga chokaa nyuma ya duka."

Inspekta alifunga kisu. Lile bakuli la uji lilimrudia akilini, na safari hii halikuondoka.

Mama Marsela hakukimbia. Alifunika madumu yake ya asali, akamwomba jirani amwangalizie, akatembea mbele ya Koplo hadi kituoni kana kwamba yeye ndiye aliyemkamata. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kitambaa cheusi kichwani na rozari shingoni.

"Kaa, mama. Unajua kuandika?"

"Nimejifunza kisomo cha watu wazima. Si sana."

"Neno gani la kwanza ulijifunza?"

Vidole vyake vikaanza kuhesabu rozari.

"Mama Marsela, Telesfori ni nani?"

"Mume wangu. Marehemu."

"Bwana Lukmani anasema hamjui."

"Anamjua. Mjini mlimwita Fundi Kimya. Nani alimwuliza jina lake la ubatizo? Matofali ya duka lile aliyachoma yeye, na ukuta ule aliupandisha yeye. Alikuwa fundi na mrina asali. Akafa kijijini kwetu kule, tukamzika. Kisha tukahamishwa."

"Kaburi liko wapi?"

"Liko porini sasa. Ni mahali pa wanyama, askari wenye bunduki hawaruhusu mtu kuingia. Msalaba ulikuwa wa mti, na mchwa hawana dini. Sasa Novemba inakuja, afande, mwezi wa marehemu. Wenzangu watakwenda makaburini, wapalilie, wasali. Mimi nipalilie wapi?"

Maneno ya Inspekta yaliyofuata yalitoka kwa sauti ya chini kuliko alivyokusudia.

"Ndipo ukaliandika jina lake dukani, watu wote walione."

Marsela alishtuka kama aliyetukanwa.

"Watu walione? Nani aandike jina la mumewe barabarani liwe kichekesho cha wanywa kahawa? Nilitaka lifichwe. Marehemu alikuwa akichonga alama yake kwenye mizinga, halafu anaisugua kwa nta ili isiharibike. Nami nikaona, nta ndiyo inayotunza. Nikaliandika haraka kwa kitambaa, halionekani vizuri, nikajua Gelasius atakuja kulifunika kwa chokaa. Libaki ndani ya ukuta wake. Nijue mimi na Mungu. Nikienda sokoni nisimame kidogo, nisali, niende zangu."

"Na Gelasius akakamatwa."

"Akakamatwa."

"Ukampelekea uji, usiseme neno."

"Ningesema nini? Mimi niliandika mara moja. Mlipolifunika likarudi, wala sikuwa mimi. Mkalifunika tena, likarudi tena. Nilijua ni yeye anakataa kufunikwa. Nije polisi kumshitaki marehemu?" Alifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Lakini kijana asiende kwa hakimu. Hilo nilikuwa nimeshaamua. Jumatatu ningekwenda mimi."

Inspekta alimweleza. Alisema taratibu, kama asomaye ripoti, kwamba chokaa ni maji na nta haishiki maji. Kwamba inakaa juu yake ikiwa mbichi, ikikauka inabanduka. Kwamba vumbi la barabara linanasa na kuzipa herufi rangi. Marsela alisikiliza mpaka mwisho.

Gelasius alifunguliwa alasiri ileile. Alijinyoosha mlangoni, akamtazama mama aliyekuwa akimlisha.

"Mama, uji wako mzuri. Nyumba niliyounywea ndiyo mbaya."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nitakusamehe. Lakini hiyo S, mama, nitakufundisha."

Bwana Lukmani alipoambiwa, alivua kofia yake. "Fundi Kimya," alisema. "Ukuta ule haujapata hata ufa." Alifuta mashitaka mbele ya Inspekta. Kisha, akiona haya, akaongeza, "Ila mbele ya duka, mama... leseni yangu."

"Najua, Bwana Lukmani. Liondoeni. Tumieni maji ya moto na gunia. Kwa maji baridi mtachoka bure."

Wakaliondoa kabla jua halijazama. Gelasius alisugua, Koplo Hamis akamimina maji, na nta ikashuka ukutani katika michirizi ya njano, ikigandia chini. Mama Marsela alisimama pembeni na Inspekta Apolinari. Alitazama hadi zilipobaki herufi chache.

"Afande."

"Naam, mama."

"Una hakika hakuwa yeye?"

Inspekta alikuwa ameitafuta hakika hiyo kwa taabu kubwa. Sasa alipotakiwa kuitoa, ilimwia nzito mdomoni.

"Nina hakika, mama. Ilikuwa nta."

Mama Marsela alitikisa kichwa polepole, macho bado ukutani.

"Mimi," akasema, "nilikuwa nimeshaanza kumjibu."