Barua Ndani ya Kompyuta ya Bibi Lempi

Kwa maelezo ya Bi Helvi wa ghorofa ya pili, Tuisku aliiua kompyuta ya marehemu bibi yake mchana kweupe. "Niliisikia ikilia piii, kisha kimya," aliwaambia watu kwenye chumba cha kufulia. "Mtoto akatoka uso umempauka." Bi Helvi husikia mengi kupitia ukutani, na asiyoyasikia huyajazia mwenyewe.

Ukweli ulikuwa hivi. Tuisku, msichana wa miaka kumi na miwili, alirudi kutoka shule kila siku saa nane mchana, akavua viatu mlangoni, akapasha moto supu ya samaki na kula peke yake. Baba yake aliendesha lori la magogo, akirudi Ijumaa tu. Rafiki yake alikuwa amehamia kusini. Tangu Bibi Lempi afariki mwezi wa Novemba, hakuna aliyegonga mlango wao. Kilichobaki ni kompyuta ya bibi, na humo barua zote alizopata kuandika. Tuisku alisoma moja kila siku baada ya supu. Moja tu, ili zisiishe haraka.

Siku moja ya Februari kompyuta ilimwonya: mfumo endeshi wake ulikuwa umezeeka na hautalindwa tena. Mfumo mpya nao uliikataa mashine ile kuukuu.

"Bado uko na mfumo wa babu zako?" Onni, mwanafunzi mwenzake, alimcheka alipomweleza. "Weka huu wangu. Michezo inakimbia balaa!"

"Unawekwaje?"

"Bofya 'ndiyo' mpaka mwisho. Hata paka anaweza."

Onni akampa flashi. Tuisku akabofya ndiyo, ndiyo, ndiyo. Aliposoma vizuri, skrini ilikuwa ikisema inafuta diski yote. Akachomoa waya. Betri ilikwisha kufa zamani, kwa hiyo kompyuta ikazima papo hapo. Alipoiwasha tena, yalitokea maandishi meupe mistari miwili, basi.

Akaenda maktaba, kompyuta ikiwa ndani ya begi. Bi Sisko wa maktaba huwasaidia watu mambo ya kompyuta, na mara nyingi hukaa bila mteja. Tuisku akakaa mkabala na meza yake akingoja aangaliwe. Huku kwetu mtoto hufunzwa mapema asiwe mzigo kwa watu. Maktaba ikafungwa, akarudi nyumbani. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu pia.

Siku ya nne Bi Sisko alivuta kiti akaketi karibu naye. "Wewe binti, siku nne hujafungua kitabu hata kimoja. Hicho kilichomo begini kinaumwa nini?"

Tuisku akaeleza kila kitu, macho yakiwa sakafuni.

"Jengoni kwenu mna karatasi ya zamu za kufulia?" Bi Sisko aliuliza.

"Ipo. Kila mtu ana saa yake."

"Isingekuwepo?"

"Bi Helvi angefua wiki nzima."

Bi Sisko akacheka. "Basi mfumo endeshi ndio karatasi hiyo, pamoja na mtu wa kuisimamia. Unaamua programu ipi ipate zamu, faili likae wapi, nani afunguliwe mlango."

"Sasa upi ni bora?"

"Bora kwa nani? Onni anacheza michezo. Wewe una kazi gani?"

"Kuandika. Kazi za shule." Akaligusa begi. "Na kusoma barua za bibi."

"Mashine ina umri gani?"

"Miaka kumi na mmoja."

"Basi ule mpya wa dukani umeshaikataa. Kuna mwingine, lakini huo hukaa kwenye kompyuta za kampuni yake tu. Upo wa bure, mwepesi, na bado unalindwa. Huo utakufaa. Ila kwanza tutafute barua."

Akaiwasha kwa flashi yake mwenyewe, bila kuigusa diski. Ilichukua alasiri mbili. Mwanzo wa diski tu ndio uliokuwa umefutika, barua zilikuwepo. Akazitolea nakala mbili, ndipo akamwachia Tuisku aweke mfumo mpya, akisoma kila swali kabla ya kubofya.

"Sikiliza, binti," Bi Sisko alisema wakiagana. "Jua kazi yako, jua mashine yako, weka nakala, ndipo uchague. Na usipojua, sema hujui. Kukaa kimya siku nne si adabu. Mimi nalipwa ili nisumbuliwe!"

Nyumbani Tuisku alipasha supu, akafungua kompyuta. Mfumo mpya ulipanga barua kwa tarehe. Juu kabisa palikuwa na moja ambayo hakuwahi kuiona. Iliandikwa Novemba, mwezi ule aliofariki bibi, na haikutumwa.

*Tuisku wangu, nilitaka kukupigia simu, lakini nadhani una masomo mengi, sipendi kukusumbua. Jumapili naoka mikate ya iliki. Utakuja?*