Mgeni wa Koti Jeupe

Kabla ya kwenda shule, Jicho alikuwa na kazi asiyoweza kuikwepa: kufagia chumba cha mbele, ambako mama yake alisukia wateja. Vipande vya nywele na nyuzi za kusukia vilijificha chini ya viti, naye alivifukua vyote, hata vile vilivyojibanza kwenye nyufa za sakafu. Hakuna kilichompita. Angeweza kukuambia ni mteja gani wa jana aliyekuwa na kucha iliyovunjika, na ni yupi aliyeondoka amenuna. Ndiyo maana mjomba wake alimbandika jina hilo la Jicho, na jina likamganda.

Tangu mgeni aje nyumbani kwao, jicho hilo lilikuwa halilali.

Mgeni alikuwa kijana mrefu kutoka nchi ya mbali. Alikuja na mkoba mkubwa mgongoni, akisema kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba anataka kujitolea kazi, kutembea na kujua watu. Mhudumu wa kituo cha afya ndiye aliyemwombea chumba cha uani. "Ni mgeni wetu wa kituo," alimwambia Mama, na Mama hakuuliza zaidi. Asubuhi ya pili mgeni alitoka chumbani amevaa koti jeupe. Wateja waliokuwa wakisukwa walitazamana.

"Kumbe daktari!" mmoja akasema.

Basi, neno hilo lilitoka na wateja, likaingia mtaani, na kufikia jioni kila mtu alikuwa anamwita Daktari. Mwenyewe alicheka na kila aliyemsalimu. Alicheza drafti na fundi viatu wa pembeni, akamsaidia Mama kumenya vitunguu, akajifunza kuchota maji bila kujimwagia. Ukimuuliza jambo lolote, alitabasamu na kujibu, "Ndiyo, ndiyo." Watoto wakampa jina lao wenyewe: Ndiyo-Ndiyo.

Watu walimpenda. Jicho alimtilia shaka.

Daktari gani, alijiuliza, ambaye kucha zake zina kitu cheupe hata baada ya kunawa? Daktari gani asiye na kile kifaa cha kusikilizia moyo? Siku Mama alipojikata kidole kwa mkasi, Ndiyo-Ndiyo aliiona damu akageuka rangi kama karatasi, akaketi chini. Na kila Jumamosi alivaa mkoba wake, akapanda basi kwenda kusikojulikana, akarudi Jumapili amejaa vumbi na furaha.

Jioni moja walikuwa uani wanakunywa chai. Bibi, mama yake Mama, alikuwa na ugonjwa wa presha, na alimeza vidonge kila siku. Alimgeukia mgeni, akamwambia, "Daktari mwanangu, siku hizi mimi sijambo kabisa. Kichwa hakiniumi, miguu inatembea. Hivi vidonge vya presha, si niviache tu sasa?"

"Ndiyo, ndiyo," akajibu Ndiyo-Ndiyo, huku akimsogezea sukari.

Jicho aliweka kikombe chini. "Bibi, una hakika amekuelewa?"

"Daktari asinielewe? Amesoma miaka yote hiyo ashindwe neno presha?" Bibi alicheka, na kesho yake vidonge vikasukumwa nyuma kabisa ya kabati.

Jicho alimfuata Mama jikoni. "Mama, mimi simwamini yule mgeni."

"Amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Ila nahisi tu."

"Unahisi!" Mama alimkazia macho. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu ameacha kwao aje kutusaidia, wewe unamhisi. Koma, nisikusikie tena."

Jicho alikoma kusema, lakini hakukoma kushuku. Shaka iliyonyimwa mlango huingilia dirishani. Siku iliyofuata alimweleza rafiki yake Domo, mvulana wa darasa lao ambaye maneno hayakai kinywani mwake hata kwa gundi.

"Mwizi huyo!" Domo akasema palepale. "Anaiba dawa za kituo. Jumamosi anakwenda kuziuza mbali, ambako hajulikani. Sasa umeelewa?"

"Sijaona dawa yoyote."

"Kwani mwizi anakuonyesha?"

Kwa siku kadhaa wakaenda kuchungulia kwenye uzio wa kituo cha afya baada ya masomo. Walimwona Ndiyo-Ndiyo akiingia kwa mlango wa pembeni kwenye jengo jipya la nyuma, lile ambalo lilikuwa halijafunguliwa na mlango wake wa mbele ulikuwa bado umefungwa kwa mbao. Baadaye alitoka na ndoo iliyofunikwa kitambaa, akatazama huku na huku, akaipeleka nyuma ya jengo.

"Umeona?" Domo alimfinya Jicho mkono. "Ndoo nzima ya dawa!"

Muuguzi mkuu, mama mnene mwenye sauti ya upole ambaye wote walimwita Sista, alipita karibu kabisa na uzio. Ilikuwa rahisi kumwita na kumuuliza: Sista, yule mgeni ni nani hasa? Jicho alifungua mdomo. Kisha akaogopa kuonekana mmbea, akaufunga. Alijiambia kwamba kesho atapata ushahidi zaidi.

Alipofika nyumbani, hakusikia vicheko vya wateja. Bibi alikuwa ameshika ukuta wa ukumbini, jasho linamtiririka.

"Nyumba inazunguka," Bibi alisema, na magoti yakamlegea.

Mama alimdaka. "Jicho! Mwite Daktari! Mbio!"

Hakuhitaji kukimbia, kwani Ndiyo-Ndiyo alikuwa anaingia mlangoni. Mama alimvuta kwa koti lake. "Daktari, msaidie mama yangu! Aliacha dawa kama ulivyomwambia, sasa tazama!"

Kijana alimtazama Bibi, akamtazama Mama. "Hapana," akasema. Lilikuwa neno ambalo hakuna aliyewahi kulisikia kinywani mwake. "Mimi hapana daktari. Mimi hapana!"

Lakini kijana hakusimama hapo. Alikivuta kiti cha magurudumu walichokalia wateja, wakamketisha Bibi, fundi viatu akaja mbio kumshikilia mabega, na wote wakatoka barabarani wakisukuma kiti kwenye changarawe. Jicho alitangulia akipiga kelele, "Tupisheni! Tupisheni jamani!" Baiskeli zikapisha, mikokoteni ikapisha, hadi langoni mwa kituo.

Sista alimpokea Bibi bila maneno mengi. Alimlaza, akampima, akakunja uso. "Presha imepanda vibaya. Amemeza dawa leo?"

Jicho ndiye aliyesema yote: chai, swali la Bibi, na ile "ndiyo, ndiyo". Sista alimwita daktari wa kituo, mzee mmoja mwenye miwani, wakamhudumia Bibi hadi pumzi zake zikatulia na macho yake yakaacha kuzunguka. Mgeni alikuwa ameketi sakafuni nje ya mlango, mikono kichwani.

Sista alipotoka, aliwaambia Mama na Jicho, "Njooni," akamwashiria na mgeni. Aliwapeleka kwenye lile jengo la nyuma. Ndani, kuta zilikuwa nyeupe pe, na juu ya kila dirisha palikuwa na mstari wa rangi ya buluu ulionyooka. Ndoo zilipangwa pembeni, zimefunikwa vitambaa.

"Hii ni wodi mpya ya wazazi," alisema Sista. "Huyu kijana ni mpaka rangi. Alijitolea kuipaka, halafu siku za mapumziko azunguke kuitazama nchi. Lile koti ni kuukuu, la wafua nguo wa kituo. Nilimpa mimi, asichafue nguo zake."

Jicho alizikumbuka zile kucha. Uso ukamwaka kwa aibu. "Sisi tulidhani anaiba dawa," alisema kwa sauti ndogo.

Sista alizungumza na kijana kwa lugha yake, naye akajibu taratibu, machozi yakimlengalenga. "Anasema mwanzoni hakuelewa watu wanamwitaje," Sista alieleza. "Alipoelewa, alinyamaza. Ilikuwa tamu kuheshimiwa hivyo. Na swali la Bibi hakulielewa kabisa. Aliona haya kusema hajui. Anaomba msamaha."

Mama alivuta pumzi ndefu. "Na mimi nani wa kumlaumu? Nimemlaza kwangu muda wote huu bila kumuuliza kazi yake. Binti yangu alihisi jambo, nikamfunga mdomo."

"Hata mimi nina sehemu yangu," Sista akasema. "Mgeni anayetaka kujua watu, lazima na watu wamjue. Ningemtembeza mtaani siku ya kwanza, haya yasingetokea."

Bibi alirudi nyumbani baada ya presha kushuka, na vidonge vikarudi mahali pake. Siku hiyohiyo kijana alisimama kwenye chumba cha mbele, mbele ya wateja waliojaa, bila koti. Alisema sentensi ambazo alikuwa amezikariri tangu asubuhi: "Mimi si daktari. Mimi napaka rangi. Nilikosea kunyamaza. Nisamehe mimi." Kisha mteja mmoja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka, akasema, "Heri yako! Madaktari tunao. Geti langu ndilo linalohitaji mtu." Chumba kizima kikaangua kicheko.

Sista alikuwa amekuja kumtazama Bibi. Aliketi kitini kando ya kitanda chake, akamvuta Jicho karibu.

"Mwanangu, jicho lako ni zuri," alimwambia. "Uliona mambo ambayo sisi wakubwa hatukuyaona. Lakini kuona ni nusu ya kazi. Ulipomshuku mtu ukajificha uzioni, shaka yako ilizaa mwizi asiyekuwepo, na hatari ya kweli ikakaa nyumbani kwenu kabatini. Watu wazima nao waliamini koti bila kuuliza. Anayeamini bila kuuliza na anayeshuku bila kuuliza, wote wamepotea njia moja. Ukiwa na shaka, uliza kwa adabu, umuulize anayejua. Ukiulizwa usilolijua, sema sijui. Na dawa ya daktari haiachwi kwa sababu mtu amejisikia nafuu. Inaachwa pale daktari atakaposema."

"Nimeelewa, Sista." Jicho akamtazama machoni. "Shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini tena?"

"Naomba kukuuliza. Wewe uuguzi ulisomea wapi?"

Mama aliziba mdomo kwa mkono. Bibi akageuka kitandani. Lakini Sista alicheka mpaka mabega yakamtikisika, akasogeza kiti, akaanza kumweleza.