Kitufe Kilichogoma Kufuta

Jua lilikuwa linachoma utosi na soko limefurika, lakini msichana aliyesimama mbele ya chumba cha baridi alikuwa amevaa koti zito, kofia ya sufu na glavu. Kazi yake ilikuwa kutunza mboga zisiharibike, na wachuuzi walimwita Dada Baridi. Mara akatokea kijana mwembamba, shati la mikono mifupi limenyooka kwa pasi, begi la kompyuta begani.

"Mimi fundi. Nimekuja kufunga kidude cha kupima baridi humo ndani."

"Na shati hilo?"

"Nitakuwa ndani dakika chache tu, dada."

"Haya. Ukiganda nitakuuza pamoja na karoti."

Haukupita muda meno ya fundi yakaanza kugongana. Dada Baridi akavua koti lake, akamvika mabegani bila kuuliza. Kijana alipolirudisha lilikuwa linanukia sabuni yake, na msichana akashinda nalo mpaka jioni, hata alipokuwa nje juani.

Kidude chenyewe kilikuwa kidogo kama kiberiti kikubwa, kimebanwa kando ya mlango, kina kioo chembamba. Fundi alikiingilia kwa kompyuta akiwa ofisini kwake, upande wa pili wa mji, na alichoandika huko kilitokea kwenye kioo huku. Mwanzoni yalikuwa maneno ya kazi: *Funga mlango vizuri.* Baadaye yakaja mengine: *Umekula?* Dada Baridi hakuwa na kompyuta, akawa anajibu kwa simu.

"Nimekula, daktari wa vidude. Na wewe?"

"Nikisikia sauti yako nashiba."

"Afadhali. Siku ukija kwetu hatutahangaika kupika."

Shangazi yake, aliyeuza nyanya pale pale mlangoni, alicheka mpaka khanga ikamteleza kichwani. "Hicho kidude kinaumwa nini, kila asubuhi kinapigiwa simu?"

Kwa hiyo mkubwa wa soko alipotaka kumhamishia chumba kipya cha baridi katika mji mwingine, Dada Baridi aliomba muda wa kufikiri. Moyoni alishakataa.

Kisha asubuhi moja akakuta hivi kwenye kioo:

*Nimechoka kuongea na wewe□□□□□□□□□□□□□□□□□□□□□□□□□ Angalia mlango, baridi inavuja.*

Alisoma, akarudia kusoma. Vile visanduku vitupu hakuvijali. Kidude kilikuwa na vituko vyake. Aliuangalia mlango kama alivyoambiwa, akaufunga vizuri, akafuta macho kwa glavu. Simu ilipoita alimpa shangazi.

"Mwambie nimebanwa na kazi."

Siku ya pili hivyo hivyo, na zilizofuata pia. Hatimaye akasema, "Shangazi, uhamisho nimeukubali. Leo naenda kumwambia mkubwa."

"Umemuuliza mwenzio?"

"Nimuulize nini? Ameandika mwenyewe."

"Mtu aliyekuchoka hapigi simu kila siku aishie kuongea na mimi. Habari za nyanya tumezimaliza, sasa ananiuliza za magoti yangu."

Dada Baridi alikuwa mtu wa kutazama kwanza, kusema baadaye. Akageuka kukitazama kioo. Ujumbe wa asubuhi hiyo ulikuwa: *Karoti zimw□efika?* Kisanduku kimoja, nyuma ya herufi moja iliyopotea njia. Akakumbuka vile visanduku vya siku ile, vimejipanga kama foleni nyuma ya sentensi nzima.

Akachukua simu.

"Dada!" Fundi alipokea kabla haijaita vizuri.

"Ukikosea kuandika, unafanyaje?"

"Nabonyeza kitufe cha kufuta."

"Huku hakifuti. Kinaleta visanduku, na maneno yanabaki."

Akamsikia akivuta pumzi. "Kompyuta yangu inatuma alama moja ya kufuta, kidude kinangoja nyingine. Kinaipokea kama herufi tu! Mimi huku naona pamekuwa peupe... Dada, kwa hiyo umesoma yote?"

"Yote. Umenichoka?"

"Sikuwa nimemaliza! Niliogopa, nikafuta, nikaandika habari ya mlango."

"Ulitaka kumalizia vipi?"

"Ngoja nikirekebishe kwanza. Ni amri moja tu, nakiambia kidude kiijue alama yangu."

"Usikiguse. Andika kikiwa hivyo hivyo. Nataka nione kila utakachojutia."

Akasikia kwenye simu vitufe vya kompyuta vikigonga. Vikasimama. Vikagonga tena, polepole. Shangazi aliacha mteja na nyanya mkononi, akaja kusimama nyuma yake. Kioo kikatulia, kisha mstari wote ukatokea kwa mpigo:

*Nimechoka kuongea na wewe kwa simu tu. Nataka nije kwneu niongee na wazee, nikuoe kama utanikubali.*

"Kwenu" ilikuwa imekosewa, na fundi hakuigusa. Hapakuwa na kisanduku hata kimoja.

"Shangazi," alisema Dada Baridi, "naomba umwambie mkubwa atafute mtu mwingine."

"Mwambie mwenyewe, mimi nalia," shangazi akajibu.

Kwenye simu fundi alikuwa anaita, "Dada? Upo? Nimekosea?"

"Umekosea neno moja, nimelisamehe. Sasa rekebisha kidude chako, halafu uje."

"Nije leo?"

"Leo. Na koti usilete."