Tone la Maji Kwenye Chokoleti

Jumamosi katika nyumba ile ilianza kwa mlio wa cherehani. Shangazi alikuwa mshonaji, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa kiwanda chake. Vipande vya vitambaa vilitapakaa sakafuni, na vumbi la nyuzi liliruka mpaka jikoni likatua juu ya vikombe na sahani. Kwa hiyo palikuwa na sheria moja ambayo hata wageni waliijua: chombo chochote kikitoka rafuni kisuuzwe kwanza ndipo kitumiwe. Aliyesahau alikunywa chai yenye uzi.

Msichana wa nyumba hiyo alikuwa na miaka kumi na miwili, na watu walimwita Bi Najua. Jina hilo hakulipata bure. Ukimwambia mvua inakuja, alijibu, "Najua." Ukimwambia kamba ya kiatu imefunguka, alijibu, "Najua," kisha akajikwaa. Mdogo wake wa miaka minane aliitwa Sisimizi, kwa sababu hata sukari ifichwe wapi, yeye aliifikia tu.

Lakini wiki ile Sisimizi aliwashangaza wote. Baba yao, ambaye ni dereva wa lori, alirudi safarini na chokoleti, pakiti mbili kubwa kwa kila mtoto. Bi Najua akatoa wazo. Alikuwa ameona kwenye televisheni ya jirani jinsi chokoleti inavyoyeyushwa, watu wakaizunguka na vijiti na kuchovya vipande vya matunda. Umeme ulikatika kabla kipindi hakijaisha, lakini yeye alisema ameshaelewa yote. Wasile zao, wazihifadhi mpaka Jumamosi, waalike wenzao.

Sisimizi alikubali. Alizificha zake kwenye droo ya nguo, na kila jioni alizitoa akazinusa, akazirudisha bila kuzifungua. Alikuwa na sababu yake. Mapacha wa nyumba ya pili walikuwa na mpira wa ngozi, na hawakuwahi kumwita acheze. Kila alipowaomba walimwambia yeye bado mdogo.

"Wakila kwetu, wataona aibu kuninyima mpira," alimwambia dada yake.

"Najua," akasema dada.

Basi Jumamosi hiyo jikoni pakawa na shughuli. Sisimizi alikata ndizi na mkate vipande vidogo, akavipanga kwenye sinia pamoja na vijiti alivyovisugua mwenyewe mpaka vikang'aa. Bi Najua aliteka maji kwenye sufuria, akaibandika jikoni, akachukua bakuli rafuni na kulisuuza kama kawaida ya nyumba.

"Bi Najua!" Shangazi aliita kutoka chumba cha mbele. "Hilo bakuli likaushe kwanza, likauke kabisa. Chokoleti na maji havipatani."

"Najua, Shangazi!"

Kitambaa cha kukaushia kilining'inia nyuma ya mlango. Kukifikia hakukuwa kazi. Lakini mapacha walikuwa wameshaanza kugonga, na Bi Najua hakutaka wakute hajaanza. Akalikung'uta bakuli mara moja hewani. Aliona matone kadhaa yamebaki chini, akajiambia moto utayamaliza. Akaliweka juu ya sufuria ya maji ya moto, akavunjia humo pakiti zote nne.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Chokoleti ilianza kung'aa pembeni na harufu yake ikajaa nyumba nzima. Mapacha waliingia wakasogea karibu, kila mmoja na kijiti chake mkononi.

"Bado?" akauliza pacha wa kwanza.

"Bado kidogo."

Ghafla chokoleti ikabadilika. Badala ya kulainika, ikaanza kushikana mabonge. Bi Najua akakoroga haraka zaidi, mabonge yakazidi. Akaongeza moto, ikawa kavu na yenye chengachenga kama udongo. Akakoroga kwa mikono miwili mpaka jasho likamtoka, na alipoachia mwiko, mwiko ukasimama wima peke yake.

"Hii ni ya kuchovya au ya kujengea?" akauliza pacha wa pili, na wote wawili wakaangua kicheko.

Uso wa Bi Najua ukawaka. Aliichukia ile sufuria, aliuchukia ule umeme uliokatika, aliwachukia mapacha na vijiti vyao. Hasira ikamtafuta mtu wa kumwangukia, ikamkuta Sisimizi kwenye beseni anaosha kisu.

"Ni wewe!" akafoka. "Umerusha maji humu! Umeharibu kila kitu!"

Sisimizi alitazama mikono yake, kisha bakuli, kisha mikono yake tena. "Mimi? Mimi niko huku mbali, dada."

"Mbali wapi! Nimekuona unachezea maji!"

"Ndiyo maana sisi hatuchezi na watoto wadogo," akasema pacha wa kwanza.

Sisimizi akaweka kisu chini taratibu. "Hata zangu zilikuwa humo," akasema kwa sauti ndogo, akatoka nje.

Cherehani ikanyamaza. Shangazi akaja mlangoni na futi ya kupimia ikiwa shingoni. "Kelele za nini?"

"Sisimizi ametia maji kwenye chokoleti."

Shangazi alilitazama bonge lile. "Umemwona kwa macho yako?"

Bi Najua akageukia beseni. "Alikuwa kwenye beseni."

"Haya. Kama ni yeye, leo hachovyi kitu, na baba yenu akirudi nitamwambia." Shangazi akarudi kwenye kazi yake.

Bi Najua akazima jiko, akaendelea kulichokonoa bonge bila sababu. Dirishani alimwona mdogo wake amekaa kwenye ngazi, ameupa mlango mgongo. Mtoto aliyekaa na chokoleti wiki nzima akiinusa tu, leo kanyimwa hata ya kulamba. Bi Najua alipogeuka, macho yake yakakutana na kitambaa nyuma ya mlango. Kilikuwa kikavu, kimekunjwa vilevile kama Shangazi alivyokitundika asubuhi. Yale matone aliyaona mwenyewe. Tangu chokoleti ilipoanza kushikana, alijua ni kwa nini.

Akaenda chumba cha mbele. "Shangazi, si Sisimizi. Bakuli sikulikausha. Uliniambia, nikasema najua."

Shangazi hakuinua macho kwenye pindo alilokuwa akilishona. "Mdogo wako umemshtaki wapi?"

"Jikoni."

"Mbele ya nani?"

"Mapacha."

"Basi mbona ukweli umeniletea mimi huku chumbani, tena kwa kunong'ona?"

Bi Najua alitamani sakafu ipasuke. Kumwambia Shangazi ni jambo moja, lakini wale mapacha wangemcheka mwaka mzima. Hata hivyo akarudi jikoni, akawaita, wakatoka naye mpaka kwenye ngazi.

"Aliyeharibu chokoleti ni mimi," akasema. Sauti hakuipunguza. "Niliacha maji kwenye bakuli. Sisimizi hakufanya lolote, nimemsingizia. Naomba radhi, mdogo wangu."

Mapacha hawakucheka. Pacha wa kwanza alitazama viatu vyake, kwa sababu alikumbuka na yeye alichosema. Sisimizi alijifuta pua kwa mkono.

"Na chokoleti?" akauliza.

"Imekwisha," akajibu dada yake, na machozi yakamtoka. "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Nani amesema imekwisha?" Shangazi alikuwa mlangoni. "Nileteeni maziwa."

Akayapasha moto maziwa kikombe kimoja, akamkabidhi Bi Najua mwiko. "Mimi namimina, wewe koroga. Polepole."

"Lakini Shangazi, si maji ndiyo yameiharibu? Maziwa nayo si majimaji vilevile?"

"Tone moja huigandisha. Yakiwa ya kutosha, na ya moto, huilainisha. Koroga, acha ubishi."

Shangazi akamimina kijiko, akasubiri, akamimina kingine. Kwanza mabonge yaligoma. Kisha yakaanza kuachana, na taratibu chokoleti ikalegea, ikang'aa, ikatiririka kutoka kwenye mwiko kama utepe. Sisimizi akapiga kelele ya furaha. Bi Najua akatwaa kijiti kizuri kuliko vyote, akachomeka ndizi, akachovya, akampa mdogo wake kabla ya wote.

Walikula mpaka wakalikwangua bakuli kwa mkate. Mapacha walipoaga, pacha wa kwanza alimgeukia Sisimizi. "Kesho tunacheza saa kumi. Tumekosa golikipa." Akamrushia mpira waliokuwa wameuacha mlangoni, akae nao mpaka kesho.

Jioni, Bi Najua alipokuwa akiosha vyombo, Shangazi alisimama kando yake.

"Mwanangu, kukosea si ajabu. Mimi nimeshona nguo nyingi mikono ikaelekea nyuma. Lakini umeona leo? Kosa lako lilikuwa dogo, tone tu. Ulipolificha likagandisha nyumba nzima: mdogo wako analia, wageni wanamdharau, na wewe mwenyewe huna raha. Ulipolisema lote, mbele ya waliostahili kusikia, mambo yakalainika. Na ukiambiwa jambo na aliyekutangulia, sikiliza kwanza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Umenielewa?"

Bi Najua akafungua mdomo, lile neno lake likafika kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza, akatikisa kichwa kukubali, akavuta kitambaa nyuma ya mlango na kuanza kulikausha bakuli ndani na nje.

Sisimizi, mpira kwapani na chokoleti kidevuni, alichungulia jikoni.

"Shangazi, usihangaike," akasema. "Sasa anajua."